Refa Aliyelala Kifudifudi

Jumamosi, 2 Machi

Mimi si mtu wa kuandika mambo ya moyoni. Nikishika kalamu huwa naandika ripoti ya mechi: nani kafunga, nani kamkanyaga nani, uwanja ulikuwa na hali gani. Ripoti ya leo nimeshaimaliza, lakini kuna jambo lisilo na nafasi kwenye ripoti, nami sipendi kulala nalo.

Kipindi cha pili, mvua ya kwanza ya msimu ikidondoka, nzi weusi walianza kuruka mbele ya jicho langu la kushoto. Nikawapunga kwa mkono. Mshika kibendera akadhani namwita, akaja mbio hadi katikati ya uwanja. Nikamrudisha. Kisha nikaona vimulimuli pembeni, kama mtu ananipiga picha, na mwishowe kivuli cheusi kikapanda kutoka chini, upande wa pua, kikakaa hapo. Nilidhani ni wingu. Nikatazama juu; wingu lilikuwa upande mwingine.

Kocha wa timu ya mtaa wa juu, muuza mikate tunayemwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake, alisimama mstarini mechi nzima akiniuliza kama nimekuja kuchezesha au nimetumwa dukani nikapotea njia. Nimemzoea. Ila leo kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama ana hoja.

Mke wangu sijamwambia. Kesho kivuli kitakuwa kimeondoka.

Jumapili, 3 Machi

Hakijaondoka. Kimepanda.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu alfajiri, akiwa ameshashika funguo za basi la shule analoendesha. Aliniziba jicho zima, la kulia, kwa kiganja, akasimama mbele yangu, akauliza, "Unaona nini?"

"Nakuona kuanzia kifuani kwenda juu."

"Na chini?"

"Chini hakuna mtu."

Akampigia msimamizi wake simu, akaomba mwenzake amshikie zamu ya asubuhi, na saa mbili tulikuwa hospitali.

Daktari wa macho ni mama kijana mwenye sauti ya chini. Aliniegemeza kidevu kwenye mashine, akanimulika, akanyamaza. Nimesimamia penalti nyingi maishani, najua ukimya wa watu wanaongoja; huu ulikuwa mzito kuliko wote. Kisha akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha. Wangu umechanika na unabanduka, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye unyevu.

Kazi yangu ya siku zote, ukiacha filimbi ya Jumamosi, ni kukata vioo vya madirisha. Nikamwambia, "Kumbe kioo ni kizima, ukuta ndio unaobomoka."

"Ndivyo. Na bado haujafika katikati. Ukifika katikati kabla sijaushika, nitakachoweza kukurudishia ni kidogo. Nitakupasua kesho asubuhi."

Halafu akaniambia lililobaki. Akishamaliza ataacha hewa maalumu ndani ya jicho, kiputo cha kuusukuma utando urudi mahali pake. Hewa hupanda juu. Utando uko nyuma. Kwa hiyo itabidi uso wangu utazame chini, nikiwa nimekaa, nimelala au natembea, mchana na usiku.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka nitakapokuambia inua."

Wahenga walisema macho hayana pazia. Langu la kushoto limepata.

Ndani ya teksi mke wangu alitazama barabara mpaka tulipofika kona ya nyumbani. "Mimi siwezi kuliacha basi muda wote huo," alisema. "Kitinda wetu ana shule. Nitamwita mama."

Nilisema sawa. Mama mkwe na mimi hatuna mazungumzo, lakini nilisema sawa.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika nikiwa kifudifudi. Herufi ni kubwa kama za bango la duka, lakini jicho la kulia linazisoma.

Upasuaji ulifanyika nikiwa macho, ganzi pembeni ya jicho. Niliona mianga na vivuli vikiogelea, nikasikia daktari akiomba vitu kwa majina nisiyoyajua. Hakikuuma. Maumivu yalikuja baadaye. Jicho linakwaruza kana kwamba mtu amelijaza mchanga kisha akanishona. Linatoa machozi bila kuulizwa. Dawa ya matone ikiingia, baada ya muda naionja kooni, chungu kama magome ya mti. Kope zinagandamana asubuhi, lazima zilainishwe kwa pamba na maji yaliyochemshwa. Nikijaribu kuona kwa jicho hilo, naona mwanga mweupe tu, kama niko ndani ya glasi ya maziwa.

Na shingo. Hakuna aliyenionya kuhusu shingo.

Kitinda, binti yetu wa mwisho, ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Wakubwa wana makwao. Ametengeneza mahali pangu sebuleni: godoro chini, mito miwili yenye pengo katikati kwa ajili ya uso, na mchana kiti mbele ya meza, paji la uso likiegemea taulo lililokunjwa. Dunia yangu sasa ni sakafu. Nimegundua kigae kimoja kiliwekwa kinyume na wenzake. Nimeishi nacho miaka yote hii.

Mama mkwe amewasili jioni, mvua ikinyesha. Nilijua ni yeye kwa miguu: viatu vya plastiki vya rangi ya zambarau, vidole vya mguu vimekaa pamoja kama askari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, baba."

Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu nimwoe binti yake. Nikimkuta sebuleni, natafuta sababu ya kutoka. Nikitoka, nahisi anashusha pumzi. Siku zote nimeamini kwamba alimtakia mwanawe mtu wa maana zaidi kuliko huyu anayekimbia na filimbi mbele za watu. Na sasa sebule ndicho chumba changu cha wagonjwa. Sina pa kutokea.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Shingo. Mama mkwe amesema ataondoka Jumapili ijayo, nikishatulia.

Jumamosi, 9 Machi

Jambo la ajabu limetokea.

Mke wangu alikuwa sokoni, Kitinda kwa rafiki yake. Kwenye televisheni kulikuwa na mechi. Nilikuwa nimelala kifudifudi, nikisikia umati na mtangazaji anayepiga kelele bila kusema mpira uko wapi. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, akifuma sweta. Nilisikia sindano zake zikigongana. Nilivumilia nilivyoweza. Mwisho nikasema kuiambia sakafu, "Samahani, mama. Nani ana mpira?"

Sindano zikasimama. "Wale wekundu."

"Na sasa?"

"Wamenyang'anywa." Kochi likalia akisogea mbele. "Aliyenyang'anya ni yule mwembamba. Amemwangusha mwenzake, sasa ananyoosha mikono kama hajui kilichotokea. Mama yake anaona haya huko aliko."

"Refa amefanya nini?"

"Amepuliza. Lakini yule aliyeanguka naye ni mwongo. Ameumizwa mguu wa kulia, anashika wa kushoto."

Nilicheka mpaka jicho likanichoma, na daktari alinikataza kutikisika. Sijawahi kumpata mshika kibendera anayeona hivyo. Kuanzia hapo hakunyamaza. Alinitangazia mechi yote, sindano zimewekwa chini, na kila mchezaji alimpa jina: Mwembamba, Mwongo, Yule Anayetembea, Mtoto wa Watu. Kufikia mwisho aliniuliza kwa nini bao la Mtoto wa Watu limekataliwa. Nikamweleza kuotea ni nini, yaani mshambuliaji kubaki na mpinzani mmoja tu kati yake na goli anapopigiwa mpira, kwa vijiko vya chai juu ya sakafu, cha tatu kikiwa mlinzi aliyebaki nyuma, mimi nikivisogeza, yeye akiwa amepiga magoti kando yangu.

"Hiyo sheria haina huruma," alisema. "Mtu aadhibiwe kwa kuwahi?"

Jumatatu, 11 Machi

Kitinda amelala chini pamoja nami kuniambia habari za shule. Anasema huku chini kuna baridi nzuri. Mke wangu alipofika kutoka kazini naye akalala, na sare yake. Mama akatukuta watatu tumejipanga kama samaki kwenye kaango, akauliza kama nasi tumepasuliwa.

Alhamisi, 14 Machi

Kuwasha. Si maumivu tena, ni kuwasha, na kusugua ni mwiko. Nimekalia mikono yangu kama mtoto.

Jumamosi, 16 Machi

Leo ligi ya mtaa imeendelea bila mimi. Nilikuwa nimenuna tangu asubuhi. Baada ya chakula mama mkwe akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kukuangalizia."

Amerudi jioni viatu vya zambarau vimekuwa vya kahawia. Alikaa, akanisimulia kuanzia mwanzo: tope, mabao, refa wa muda anayepuliza filimbi kama anapuliza moto wa kuni mbichi. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Yule mtu wa mikate mwenye mdomo amesema leo afadhali wamepata refa mwenye macho."

"Ndivyo alivyo, mama. Usimjali."

"Nimekwenda nikasimama mbele yake. Nimemwambia, huyo unayemsema ni mwanangu, amelala chini kifudifudi apate kuona tena, na wewe unayeona vizuri umeshindwa kuona kwamba nguo yako imechanika nyuma."

Nilibana kicheko kwa ajili ya jicho. Lakini kilichonikaa si hilo la nguo. Mwanangu, amesema. Mbele ya uwanja mzima.

Kesho ni Jumapili aliyosema ataondoka. Anasema barabara ya kwao ina maji.

Jumatatu, 18 Machi

Hii nimeiandika Jumatano, kwa sababu Jumatatu yenyewe sikuwa na uwezo.

Niliamka na maumivu juu ya nyusi, mengine kabisa, kama mtu anaingiza kabari kwenye mfupa na kuigonga taratibu. Nilikaa kimya mke wangu na Kitinda waondoke. Nilidhani ni shingo. Muda mfupi baadaye nilitapika kwenye beseni. Mama aliniona. Hakuuliza maswali. Alisoma kwa sauti karatasi ya hospitali iliyobandikwa mlangoni, akafika mahali palipoandikwa kichwa kikiuma sana na kutapika njoo mara moja, akaivuta karatasi ikatoka na gundi yake.

Simu ya mke wangu ilikuwa inaita bila kupokelewa. Akiwa barabarani na watoto wa watu huwa haigusi. Mvua ilikuwa imefunga kila kitu. Teksi mbili zilitukatalia kwa simu, zinasema barabara ya chini imejaa. Nikasikia mlango unafunguliwa, viatu vya plastiki vikikimbia nje. Sikujua kwamba mama anaweza kukimbia.

Aliporudi alikuwa na miguu mingine pembeni yake, mikubwa, ya buti za mpira. Nikasikia sauti ambayo ningeitambua hata kaburini, ila sasa imeshushwa kama redio iliyopunguzwa.

"Refa," alisema Kipaza, "nishike shingoni. Usiinue kichwa."

Alikuwa akishusha mikate dukani ng'ambo ya barabara, na mama alikuwa amesimama mbele ya gari lake akikataa kupisha. Walinibeba hadi kwenye gari. Nyuma kulikuwa na trei za mikate pande zote na nafasi katikati. Wakatandika magunia, nikalala kifudifudi, mama akakaa sakafuni na kupakata kichwa changu kama mtu anayeshika chungu cha maji. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku hiyo, hata kwa kupeana mkono vizuri. Mikono yake ilikuwa na baridi ya mvua, nayo haikutetemeka. Mikate ilikuwa ya moto. Nilikuwa na maumivu ambayo sitaki kuyaeleza, na harufu ile nzuri ikinizunguka, na nakumbuka niliwaza kwamba kama jicho litakufa leo, basi limekufa mahali pasipo pabaya.

Barabara ya chini ilikuwa mto kweli. Kipaza alisimamisha gari. "Mama, nikipita na injini ikazima, tutakwama katikati. Nikizunguka juu, tutachelewa."

"Maji yamefika wapi kwenye ule mti?" mama aliuliza. Kutoka alipokaa hakuona mbele.

"Chini ya tawi la kwanza."

"Na gari lililotangulia?"

"Limezima. Liko katikati."

"Zunguka juu," alisema. "Lakini zunguka kama unawahi penalti."

Alizunguka. Kila shimo alilolikwepa alinitangazia mapema: kushoto kidogo, refa, jikaze, refa, hili ni kubwa, refa. Nilimsikia mama akiniambia sikioni, polepole, maneno ambayo watu huwaambia watoto wenye homa.

Daktari alipima presha ya jicho, akasema imepanda sana. Wakati mwingine hewa ile huvimba na jicho halina mahali pa kuipeleka. Alinipa vidonge na matone, kisha akatoa kiasi kwa sindano nyembamba ambayo sikutaka kujua habari zake. Tukangoja. Presha ikaanza kushuka. Kabari ikatoka mfupani, kidogo kidogo, mpaka nikawa mtu tena.

"Mmefika kwa wakati," daktari alimwambia mama. "Jioni ningekuwa na habari nyingine."

Kipaza hakuondoka. Mikate ya asubuhi, wateja wake walikuwa wameshanunua kwingine, kwa hiyo aliigawa kwenye foleni yote ya macho: wazee wenye bandeji, wauguzi, mlinzi wa geti. Kila mtu akawa anatafuna. Nikiwa nimeinamia meza pale korido, alikuja akachuchumaa ili uso wake uwe chini ya wangu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona bila mstari wa uwanja kati yetu. Ana macho ya upole sana. Sijui huwa anayaficha wapi Jumamosi.

"Mimi nikinyamaza," alisema, "vijana wangu wanadhani nimekata tamaa. Ndiyo maana napiga kelele. Nawe ndiye uliye karibu."

"Sawa. Lakini kuotea kule kwa mwezi wa kwanza kulikuwa kuotea."

"Hilo hatutakubaliana," alisema, akanipa mkate.

Jumanne, 19 Machi

Nimelala. Mke wangu amekaa kando yangu mkono wake mgongoni mwangu siku nzima. Kazini ameomba ruhusa. Analia na kucheka kwa zamu.

Ijumaa, 22 Machi

Daktari amesema, "Inua."

Sikuamini. Niliinua kama mtu anayeinua sufuria iliyojaa. Shingo ililia kama mlango. Alinimulika, akanyamaza ule ukimya wake, kisha akasema, "Utando umekaa ukutani. Umeshika."

Mama alikuwa kwenye kiti kando ya mlango. Nikageuka kumwambia, na hapo ndipo nilipomwona. Kwa haya zangu zote za miaka hii, sijawahi kumtazama mama mkwe usoni zaidi ya salamu. Ana alama ndogo ya kovu kwenye kidevu. Ana nyusi za mke wangu, zilezile, moja imepanda kuliko nyingine, kwa hiyo anaonekana siku zote kama mtu aliyesikia jambo asiloliamini. Naye alikuwa ananitazama.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivi," alisema. "Nilikuzoea kisogo."

Jumapili, 24 Machi

Mama alikuwa aondoke leo. Anasema sweta halijaisha. Sweta ni langu. Jua likirudi sitalihitaji, lakini sikumkumbusha.

Jumatatu, 1 Aprili

Mstari umetokea. Sehemu ya juu ya jicho naona, sehemu ya chini ni kiputo, na kati yao kuna mstari unaoyumba ninapotembea, kama maji ndani ya pimamaji ya fundi. Niliinamisha kichwa kulia, ukabaki sawa. Kushoto, ukabaki sawa. Nimekaa nikiuchezea mpaka Kitinda akauliza kama nacheza muziki usiosikika.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemimina chai kando ya kikombe. Mara ya pili nikamimina kwenye sahani ya mama. Akasema, "Kuotea."

Jumamosi, 6 Aprili

Mstari umeshuka. Mvua kubwa, mechi imeahirishwa. Kipaza ameleta mkate, akakaa hadi jioni akibishana na mama kuhusu nani kipa bora. Nilikuwa nikiwaza kwamba mama ni mtu asiyependa maneno. Kumbe hakuna aliyempa la kuzungumza. Baba mkwe alikuwa mtu wa kusema peke yake, naye amefariki zamani; tangu hapo nyumba yake ina saa ya ukutani na yeye. Hayo amenieleza mke wangu jikoni, kwa sauti ndogo, huku Kipaza akipandisha ya kwake sebuleni.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku mbaya. Nimetazama fremu ya mlango kwa jicho la kushoto peke yake: imepinda. Nimetazama kioo cha dirisha nilichokikata mwenyewe: kimepinda. Mtu anayekata vioo akiona kila mstari umepinda atakata nini? Sikula vizuri. Mama aliona, akaweka sahani yangu kando bila maneno, akanifunika kwa sweta lililobakia mkono mmoja.

Jumatatu, 15 Aprili

Daktari anasema utando uliobanduka ukirudi huwa na mikunjo, kama kitambaa kilichokunjwa kabatini. Inaweza kunyooka, taratibu, si lazima yote. "Sitakudanganya," alisema. "Halitakuwa jicho la zamani. Lakini litakuwa jicho, nalo litafanya kazi na mwenzake." Akanisomesha herufi. Kwa la kushoto nimefika mstari wa nne. Mke wangu alikuwa akihesabu kwa vidole nyuma yangu, nilimwona kwenye kioo cha ukutani.

Nimekubali. Mstari wa nne ni zawadi. Nilikwenda pale nikiona mke asiye na miguu.

Jumatano, 17 Aprili

Nimerudi dukani kwa saa chache. Nimekata kioo kimoja kidogo, macho yote mawili wazi. Kimeingia kwenye fremu bila kusukumwa. Nimekileta nyumbani, sijui kwa nini. Kiko kwenye kabati la vyombo.

Jumapili, 21 Aprili

Kiputo kimekuwa mviringo mdogo chini kabisa, kama shanga ya fedha. Nikiinama kufunga viatu kinakuja katikati kunisalimu. Mama hakutaja kuondoka leo. Mke wangu ametoa nguo kwenye kabati la chumba kidogo anacholala mama, akaniuliza kama nina neno. Nilisema kabati lile lina bawaba mbovu, nitalitengeneza.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa napiga mswaki. Shanga ilikuwepo. Nikasukutua, nikainua uso, nikainama tena kuitafuta. Haipo. Niliita nyumba nzima ije bafuni, wakaja, wakasimama wakinitazama nikitazama sinki. Hakuna cha kuona. Tulifurahi hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Mei

Daktari ameruhusu mbio nyepesi, mradi mpira usinipige usoni. Mechi ya wakubwa bado. Kwa hiyo Kipaza amepanga mechi ya watoto: wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, uwanja nusu, mvua imeshakata na nyasi zimekuwa za kijani ambacho nilikuwa nimekisahau.

Mke wangu alileta nusu ya watoto kwa basi lake. Kitinda alishika kibendera. Mama alisimama mstarini, mwavuli umefungwa chini ya kwapa.

Nilipuliza ya kwanza. Kisha mpira ukaenda na mimi nikaenda nao. Umbali ulinidanganya mara mbili, kona moja niliiona imepinda kabla ya kuinyoosha kichwani, lakini niliona. Niliona mtoto akivuta jezi ya mwenzake akidhani hakuna anayemwangalia. Niliona kipa wa mtaa wa chini akila kitu golini.

Kipindi cha pili mtaa wa chini walifunga, na Kitinda akanyoosha kibendera. Kuotea. Nikakataa bao.

"Refa," ilisema sauti mstarini, "hapo umelala."

Nilimtazama Kipaza. Kipaza alinyoosha kidole pembeni yake. Alikuwa mama, mwavuli mkononi kama fimbo, nyusi moja imepanda hadi kwenye kilemba.

"Mlinzi alikuwa nyuma, karibu na goli," alisema, "kama kile kijiko cha tatu. Mbona uliniambia mwenyewe?"

Mchezo ulikuwa umesimama. Watoto walikuwa wakitazama nitafanya nini. Nilikwenda mstarini, nikatoa kadi ya njano, nikainyanyua juu ya kichwa cha mama mkwe wangu kwa heshima zote.

Mke wangu aliziba mdomo kwa viganja. Kisha mama alitabasamu, tabasamu pana nisilowahi kuliona, akajigeuza kushoto na kulia ili watu wote waione kadi yake. Kipaza alimpa mkono. "Karibu kwetu huku, mama," alisema.

Tumemaliza mbili kwa mbili. Filimbi ya mwisho ilipolia, mama alikuja akinifuata katikati ya uwanja kabla sijavuta pumzi.

"Haikuwa kuotea."

"Ilikuwa, mama."

Tumebishana njia nzima ndani ya basi, watoto wakipiga kura kwa kunyoosha mikono. Tumebishana mezani, chumvi ilikuwa mlinzi, kikombe kikawa mshambuliaji. Sasa nimekuja chumbani kuandika haya, na viatu vya plastiki vimesimama nje ya mlango. Anagonga. Anasema amekumbuka kwamba kipa pia huhesabiwa, na anataka nitoke tulizungumze.